863183 kwenye Jiwe la Babu

5 Februari

Miwani,

Hamjambo hapo? Mimi mzima, ila nimezungukwa na makosa. Kiwandani tumeletewa mpanga kurasa mpya, na juzi ameniwekea mezani kalenda yenye Juni ya siku thelathini na moja. Nilipoizungushia kalamu nyekundu akaniuliza, "Una uhakika?" Miaka ishirini na nane nasahihisha makosa ya watu kabla hayajachapwa, leo mtu ananiuliza kama nina uhakika na Juni.

Sasa jambo lenyewe. Jiwe la kaburi la babu yako limepatikana. Fundi mawe ataanza kuchonga mwezi ujao na tutalifunua tarehe 28 Juni. Juu litakuwa na jina lake na kazi yake, fundi cherehani. Katikati itachongwa namba 863183, ile iliyogongwa kwenye chuma cha cherehani yake. Chini yake: "Kama namba hii, hakugawanyika."

Hukuwepo, kwa hiyo nitakueleza mara moja tu. Babu yako aliamini namba ile ni tasa, yaani hakuna namba inayoweza kuigawanya bila kuacha baki, isipokuwa moja na yenyewe. Alitaka kuhakikisha, na vibarua wake walikuwa sisi wanawe wawili. Kila siku baada ya kufunga duka alitupa namba ya kugawanyia, tukagawanya kwa penseli kwenye meza ya kukatia vitambaa. Ni namba tasa 158, kuanzia mbili hadi 929; zikiisha hizo hakuna haja ya kuendelea. Hakuna hata moja iliyoingia.

Mchango wa baba yako ulikuwa kichekesho. Siku ya namba 31 alipanda juu ya benchi akapiga kelele, "Sifuri! Imeingia!" Baki ilikuwa 19. Tangu siku hiyo ni Sifuri, na Sifuri atabaki. Nitakisimulia kisa hicho siku ya kufunua jiwe, kama nilivyokisimulia kwenye mazishi. Watu walikipenda.

Mwambie Sifuri avae viatu.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mdogo wangu amepoteza meno mawili ya mbele, sasa kila akisema neno anapiga mluzi bila kukusudia. Mama anakusalimu sana. Baba pia angekusalimu, lakini nilipomsomea barua yako alikuwa anatengeneza friji ya duka la dawa, kichwa kimo ndani, na alikaa humo muda mrefu kuliko friji ilivyohitaji. Alipotoka alisema hatakuja tarehe 28 Juni kwa sababu siku hiyo ana kazi. Shangazi, huu ni Februari. Hakuna friji inayopanga kuharibika miezi minne kabla.

Kwenye mazishi nilisimama karibu naye ulipokuwa unasimulia. Yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Halafu alikwenda nyuma ya nyumba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, peke yake, mpaka watu walipoondoka. Sikukwambia wakati ule. Watu wakiwa wengi mimi sisemi. Kwenye karatasi ninaweza. Naomba kisa hicho usikisimulie tena, ili aweze kusimama kwenye jiwe la baba yake kama watu wengine.

Kuna jambo la pili, na hili linanitia hofu zaidi. 863183 si tasa.

Sikugawanya kama mlivyofanya ninyi. Nilitafuta miraba. Chukua kitambaa cha mraba, 1008 kwa 1008. Kwenye pembe moja kata mraba mdogo, 391 kwa 391, utupe. Kilichobaki ni 863183 kamili. Kitambaa hicho kina pengo, lakini ukikikata mara moja na kukiunga upya kinakuwa mstatili, upande mmoja 617 na mwingine 1399. Nilianzia upande wa 930, mraba wa kwanza unaoizidi namba ya Babu, nikapanda moja moja, na nilifika 1008 kwenye jaribio la sabini na tisa. Nilifurahi, kisha nikakumbuka jiwe.

617 × 1399 = 863183. Tafadhali zidisha mwenyewe kabla fundi mawe hajaanza.

Mpwa wako


4 Machi

Miwani,

Marahaba. Nimefurahi kwa meno ya mdogo wako. Angalau kuna mtu mmoja katika nyumba hiyo anayepoteza kitu kwa wakati wake.

Nakurudishia barua yako ikiwa imesahihishwa. Makosa manne, mawili ya koma. Kwa mtu anayetembea huku anasoma na kugonga milango ya watu, si vibaya sana.

Kuhusu hayo mengine. Watu wenye akili timamu walikaa miezi na penseli. Babu yako alikagua kila karatasi tuliyompa, na alikuwa mtu anayeweza kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa anatokea binti wa sekondari, na kitambaa ambacho hakipo dukani wala ghalani, anakikata kwa mkasi wa kufikirika, anatupa pembe, anaunga, halafu ananiletea habari. Kitambaa cha namna hiyo hata mimi ningeweza kushonea suruali ya mfalme.

Babu yako alikuwa na daftari la hesabu hizo. Lingekuwepo ningekuonyesha. Lilipotea duka lilipohamishwa, kwa hiyo itabidi uniamini, kazi ambayo naona inakuchosha.

Fundi mawe ameanza. Tarakimu nne zimetoka vizuri, hasa ile nane.

Na huyo wa kwenye ndoo mwambie mtu mzima hakimbii hadithi.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumemaliza mitihani ya kati. Mdogo wangu ameambiwa na mwalimu aache kupiga mluzi darasani, akajaribu kujitetea, akapiga mluzi. Mama amepona mafua. Baba amekataa kukaza kamba ya kuanikia nguo kwa sababu ametengeneza friji tatu na anasema mikono imekwisha. Tarehe 28 Juni bado ana kazi.

Nimeyasoma makosa yangu manne. Ni kweli yote. Lakini, Shangazi, pembeni mwa 617 × 1399 hakuna alama yoyote nyekundu. Umepita juu ya kosa kubwa kuliko yote, kama ni kosa, ukaenda kuzungushia koma. Wewe huachi kitu kibaya bila alama. Je, umezidisha?

Daftari halikupotea. Lilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya mikebe ya vifungo. Cherehani iko sebuleni kwetu, Baba anawekea redio juu yake. Najua hukupata kulishika daftari hilo, kwa hiyo nikueleze lilivyo. Karatasi mlizokuwa mnampa, Babu alizishona ndani, kila namba ukurasa wake, mishono mitatu pembeni. Alama ya nyota ni yako na mstari mmoja ni wa Baba. Kando ya kila jibu Babu amelikagua kwa penseli ya bluu na kuweka tiki.

Mpaka 31 mnakwenda zamu kwa zamu. Baada ya 31 hakuna mstari tena. Ni nyota tu, nyota, nyota, mpaka 929. Kwa hiyo Baba aliondolewa mezani. Uliniambia mlikuwa wawili. Hukuniambia mwenzako alifanya namba sita tu, na kwamba zilizobaki zote ni zako.

613 ipo. 619 ipo. Kati yake, mahali pa 617, kurasa mbili zimeshonwa pamoja kwa cherehani, uzi mweupe, pande tatu, mishono midogo sana ya Babu. Ukiziinua dirishani unaona kivuli cha karatasi iliyokunjwa ndani. Sijafumua. Hesabu iliyomo ni yako, na sipendi kufungua kitu cha mtu bila ruhusa yake.

Je, nifumue?

Mpwa wako


25 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Nimekwenda posta kuuliza kama barua zenu zinapotea. Karani aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake, akasema barua hazipotei, watu ndio hawaandiki.

Sote wazima. Jino moja la mdogo wangu limeanza kuota.

Wiki iliyopita nilimwambia Baba kwamba namba ya Babu inagawanyika. Aliuliza kwa ngapi. Nikamwambia 617. Akasema, "Hiyo haikuwa yangu," akaendelea kula. Miaka arobaini imepita na kitu cha kwanza alichofanya ni kujitetea.

Sijafumua.

Mpwa wako


16 Mei

Miwani,

Marahaba. Karani wa posta yuko sahihi, na sikutegemea kuandika maneno hayo kuhusu karani yeyote. Mimi mzima. Mpanga kurasa amejifunza idadi ya siku za Juni. Salamu zimeisha.

Hukunisumbua bure, kwa hiyo nikujibu. Sikuzidisha. Sikuwa na haja. Nimejua tangu nina miaka kumi na miwili.

Ilikuwa alasiri, mashine imefunikwa. Mimi nilikuwa kwenye meza na karatasi yangu, babu yako anakunja vitambaa, kaka yangu yuko sakafuni anaokota vipande na pini, kwa sababu baada ya 31 hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nilikuwa nimegawanya vizuri. Moja, tatu, tisa. Kwa ile tisa nilikuwa nimeandika 5553, nikatoa, ikabaki 555. Nikashusha tarakimu ya mwisho, tatu. Mbele yangu ikawa 5553. Ile ile niliyoiandika mstari wa juu. Hata mpanga kurasa wetu angeona. Tisa tena, baki sifuri.

Ningesimama nikasema. Lakini jina la Sifuri nililibuni mimi. Nililipeleka shuleni, nikalipeleka mtaani, nikamfundisha muuza mkaa alitumie. Siku nilipolitaja mara ya kwanza babu yako alicheka hadi akavua miwani afute macho, na sikuwahi kumchekesha hivyo kabla. Nikamtazama kaka yangu pale chini, mdomoni ana pini. Nikawaza, je, kama na mimi nimekosea? Nililiogopa jina nililolitengeneza mwenyewe. Nikafuta tisa nikaandika nane, na baki nikaandika 411. Usiniulize kwa nini 411. Ilikaa kama baki.

Babu yako aliichukua karatasi, akaiangalia, akasema, "Vema. Kesho 619." Nikalala vizuri. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka, kwamba nililala vizuri.

Tangu hapo kisa cha 31 nimekisimulia kila mkusanyiko, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Mtu anayejua kosa liko ukurasa gani huwa hodari sana wa kusoma kurasa nyingine kwa sauti. Ukawa ndio mshahara wangu pia, kutafuta makosa ya wengine. Nimekuwa mzuri. Hakuna kalenda iliyonipita.

Kuhusu huo uzi sikujua. Miaka yote nilidhani ameshindwa kuona, na nilimdharau kidogo kwa hilo. Sasa unaniambia ameshona.

Fumua. Zifumue mbele ya baba yako, na umsomee barua hii kwanza, yote, hata pale pasiponipendeza. Tumia wembe, si mkasi wako wa shule, utachana karatasi.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Nilikuwa nimekuandalia barua ya maneno makali, kurasa tatu. Nimeichana. Ilikuwa na makosa mengi zaidi ya manne, na isingekuwa na faida tena baada ya tuliyoyaona.

Nilimsomea Baba barua yako Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alisikiliza huku anakwangua kutu kwenye bisibisi. Nilipofika kwenye pini mdomoni aliacha kukwangua. Nilipomaliza alisema, "Lete wembe."

Alifumua mwenyewe. Mishono yote, mmoja mmoja, hakuchana karatasi hata kidogo. Mama alishikilia daftari. Mdogo wangu alikuwa anapiga mluzi, Mama akamkanyaga mguu.

Ndani kuna karatasi yako. Umeifuta tisa vibaya, inaonekana wazi chini ya nane. Upande wa pili Babu amegawanya mwenyewe kwa penseli ya bluu, polepole, kila tarakimu imekaa chini ya mwenzake, mpaka sifuri. Hakuna tiki. Chini ameandika:

"Binti ameona sifuri akaifuta. Tulimcheka sana mwenzake. Kosa si la binti."

Ukurasa unaofuata ni 619, kama kawaida. Kwa hiyo alijua siku ile ile, Shangazi. Alikuacha uendelee hadi 929 akijua jibu. Nimefikiri sana kama huo ni wema. Naona kulikuwa na watoto wawili kwenye duka lile, na uzi ulimfunika mmoja. Yule wa sakafuni hakuambiwa kitu. Nasema hivi na nilimpenda Babu.

Baba aliyasoma maneno hayo mara mbili. Halafu akaomba penseli. Akaandika 863183 nyuma ya kadi ya dhamana ya friji, akaanza kugawanya kwa 617. Alichukua muda mrefu, anazidisha pembeni, anahesabu kwa vidole chini ya meza akidhani hatumwoni. Alishusha tatu ya mwisho. Akatazama. Akarudia kutoka juu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Sifuri."

Mdogo wangu akauliza, "Sifuri nini?"

"Baki," Baba akasema. "Baki ni sifuri."

Hakuna aliyecheka. Alituangalia mmoja mmoja kama anayesubiri tuanze. Halafu akacheka mwenyewe, akasema, "Dada yangu ni mwoga kuliko mimi. Mimi nilipoiona yangu nilipanda juu ya benchi." Na safari hii hakwenda kwenye ndoo.

Kadi ile ameiweka kwenye mfuko wa shati. Nimemwuliza kuhusu tarehe 28. Amesema inategemea jiwe limeandikwa nini.

Jiwe limeandikwa nini?

Mpwa wako


14 Juni

Miwani,

Marahaba. Mimi mzima. Nimeisoma barua yako na sikuona kosa. Usilijengee tabia.

Ulichosema kuhusu babu yako ni kikali, na nimekiacha bila alama.

Nimekwenda kwa fundi mawe. Tarakimu zote sita zimekwisha, na jiwe halina kifutio. Maneno ya chini alikuwa hajayagusa. Nikachukua karatasi ya maelezo, nikayakata "Kama namba hii, hakugawanyika" kwa kalamu nyekundu. Mwandiko wangu mwenyewe. Mikono yangu haikuzoea. Fundi akasimama na patasi yake, vumbi hadi kwenye kope, akaniuliza, "Sasa mama, hapa chini niandike nini?" Nikamwambia sina habari. Akasema wateja wasio na habari ndio wanaomzeesha. Nikamwambia asubiri, kaka yangu anakuja.

Nafasi iliyobaki inatosha mstari mmoja. Alama ya sawasawa na zile namba mbili zinaingia bila kubanana, nimepima kwa rula. Lakini sitaamua mimi. Aje tarehe 26, siku mbili mapema, na hiyo kadi yake, amsomee fundi mwenyewe atakachotaka kichongwe. Akitaka kupanda juu ya benchi, fundi analo moja, ni imara.

Siku ya kufunua jiwe kisa cha 31 sitakisimulia. Nitasimulia cha 617, mpaka 411. Watacheka. Miaka arobaini nimewafundisha kucheka, wamehitimu vizuri.

Basi la asubuhi linaondoka saa mbili. Njoo na daftari, na mdogo wako apige mluzi akitaka.

Mwambie kaka yangu avae viatu.

Shangazi yako